Nani Aliyejitenga Kwanza?

Nataka tuitazame meza ya Bwana, na hasa ile Jumapili sahani ya mkate inapompita mshirika mmoja kwenye benchi na kwenda kwa jirani yake. Kwa watu wa Ndalu na vijiji vya jirani, pale Bungoma inapopakana na Trans Nzoia, jinsi mambo haya yanavyokwenda si habari ngeni. Wazee wa kanisa la Reformed wameshaambizana. Mshirika ameambiwa kwa mdomo, pengine njiani akitoka sokoni, kwamba siku ya ushirika asisogee mbele. Akiuliza sababu, anajibiwa kwamba sababu anaijua mwenyewe. Miezi michache baadaye anaanza kusali nyumbani na familia mbili tatu, wanapata kiwanja, wanasimamisha mabati, na kanisa jipya limezaliwa. Wazee wanasema huyu alikuwa mwasi tangu zamani. Yeye anasema alifukuzwa. Kwa maoni yangu, ugomvi wa namna hii hauamuliwi kwa kuangalia ni nani aliyetoka mlangoni. Uangaliwe ni nani aliyeifunga njia ya rufaa. Wazee wanaomzuia mtu mezani bila shtaka lililoandikwa, na bila kumwachia nafasi ya kusikilizwa na kikao cha juu yao, wao ndio waliojitenga kwanza na utaratibu wa kanisa lao, hata kama funguo za jengo ziko mfukoni mwao.

Nasema utaratibu wa kanisa lao kwa sababu makanisa ya Reformed hayakuanzishwa na nabii mmoja aliyeota ndoto. Katika sehemu zetu historia yake inajulikana. Makaburu kutoka Afrika Kusini walifika Uasin Gishu na magari yao ya ng'ombe mwaka 1908, wakajenga kanisa lao wenyewe. Mwaka 1944 mchungaji Eybers akaanza kazi miongoni mwa Waafrika karibu na Eldoret. Makaburu walipoondoka uhuru ulipokaribia, wamishonari kutoka Uholanzi wakaichukua kazi ile, na mwaka 1963 likasimama kanisa linalojitegemea, ambalo wengi wanalijua kwa jina la RCEA. Miaka hiyohiyo mashamba makubwa ya walowezi upande wa Tongaren, Ndalu ikiwamo, yakagawiwa wakulima, na kila aliyepewa shamba alikuja na kanisa lake: Friends, Wakatoliki, Waanglikana, Salvation Army, na hao wa Reformed. Pamoja na mahubiri na katekisimu, watu wa Reformed walirithi ngazi: wazee wa parokia, juu yao presbiteri, juu ya presbiteri sinodi. Ngazi hiyo ina kazi. Waliibuni watu waliojua kwamba wazee nao ni wanadamu wenye shemeji, madeni, na mipaka ya mashamba.

Asili yake ni kanuni za Sinodi ya Dort, huko Uholanzi, iliyomaliza kazi mwaka 1619. Kanuni zile ni 86, na anayezisoma akitafuta fimbo ya kuwachapia washirika atashangaa. Kanuni ya 31 inampa haki ya kukata rufaa yeyote anayelalamika kwamba kikao cha chini kimemdhulumu. Kanuni ya 76 inawaruhusu wazee kumzuia mezani mtu mkaidi, lakini inakataza asitengwe kabisa mpaka kikao cha juu kitoe ushauri. Ya 77 inaeleza namna ya kulitangazia kanisa habari za mtu huyo: tangazo la kwanza halimtaji jina, ili asitiriwe kidogo, la pili linamtaja, tena baada ya kikao cha juu kushauriwa, ndipo linakuja la tatu. Halafu kuna ya 81, ambayo sijui ni wangapi huifuata: wachungaji, wazee na mashemasi waonyane wao kwa wao, kirafiki, juu ya namna wanavyofanya kazi zao. Maana yake mzee anayempima mshirika naye anatakiwa awe amepimwa.

Hapa najua atainuka mzee mmoja na kusema: unaleta mambo ya mahakama kanisani. Sisi ni wachungaji wa roho, tumepewa funguo, na Paulo aliwaonya Wakorintho juu ya hatari ya kuila meza ile isivyostahili. Je, tumwandikie kila mzinzi barua yenye muhuri? Dhambi nyingine ni za siri, na kuziandika ni kumwaibisha mtu. Pingamizi hili lina uzito, lakini jibu lake ni hizo kanuni zenyewe. Barua inakwenda kwa mhusika peke yake. Siri inabaki siri. Kinachomwaibisha mtu ni mnong'ono. Mnong'ono hauna tarehe wala saini, na kila anayeupokea anaongeza chumvi yake, mpaka anayetuhumiwa kwa kuchelewesha pesa za ujenzi anakuwa mchawi kabla ya Jumapili. Halafu, shtaka likiandikwa humlazimisha mwandishi kufikiri. Akikaa na kalamu, mzee hugundua haraka kama anachokiita dhambi ni dhambi kweli, au ni kwamba mshirika yule aliuliza maswali mengi kwenye mkutano wa hesabu.

Sasa tuje kwenye ushahidi. Kenya imewahi kuona magomvi mawili makubwa juu ya meza ya Bwana, yote mawili yakianzia au kupitia mahali pamoja, misheni ya Waskoti ya Kikuyu, yakipishana kwa miaka 16 tu. La kwanza lilitokea Juni 1913. Misheni za Kiprotestanti zilikutana pale kuzungumzia namna ya kushirikiana. Mwishoni, katika kanisa la Waskoti, Askofu Peel wa Mombasa, Mwanglikana, aliongoza ibada ya ushirika, na watu wa misheni zisizo za Kianglikana wakapokea mkate na divai mikononi mwake. Habari zikafika Unguja. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, alikuwa mtu wa imani kali na ulimi mkali. Aliona mezani wamekaribishwa watu ambao hawakuwekewa mikono na askofu, na kwake hilo lilikuwa kuubomoa msingi wa kanisa. Akawashtaki Peel na mwenzake Willis, Askofu wa Uganda, kwa uzushi.

Tazama alichofanya na asichofanya. Hakuanzisha Kanisa la Zanzibar. Aliandika, akataja majina, akataja kosa, na shtaka akalipeleka kwa Askofu Mkuu Davidson huko Canterbury. Davidson akaliweka mbele ya baraza la ushauri, na jibu likatoka mwaka 1915, jibu lililoziacha pande zote mbili zikikuna vichwa. Kulikuwa na mzaha uliozunguka Uingereza kwamba ibada ile ilimpendeza Mungu sana na isirudiwe kamwe. Mwaka huohuo Weston, ambaye hakuwa mpole hata kidogo, alitangaza hadharani kwamba hana ushirika tena na askofu mmoja wa Uingereza, yule wa Hereford, kwa ugomvi mwingine kabisa. Lakini hata hilo alilitangaza kwa maandishi na kwa sababu, naye alibaki Askofu wa Zanzibar mpaka alipofariki mwaka 1924. Watu wawili waliokaribia kuitana wapagani walibaki katika kanisa moja. Hakuna aliyelainika moyo. Palikuwa na mahali pa kupeleka hasira, na mahali pale palikuwa nje ya Mombasa na nje ya Zanzibar.

Ugomvi wa pili ni wa mwaka 1929, nao ulikwisha tofauti kabisa. Mwezi wa Machi mwaka huo, mkutano wa wawakilishi wa makanisa huko Tumutumu uliazimia kwamba mshirika anayekubali tohara ya wasichana asimamishwe ushirika. Mpaka hapo ni nidhamu ya kawaida: mtu ametenda jambo, anaulizwa. Lakini kabla mwaka haujaisha, Dkt. John Arthur wa misheni ya Waskoti, na wenzake wa misheni nyingine, walikwenda hatua moja zaidi. Waliweka kiapo. Kila mshirika, awe amehusika au hakuhusika, alitakiwa kutia saini, na asiyejua kuandika abonyeze kidole gumba chenye wino kwenye karatasi. Kiapo kile Wakikuyu walikiita kirore, kwa sababu ya alama hiyo ya kidole. Kwa washirika wa Dkt. Arthur kiliwataka pia wajitenge na chama cha KCA, chama cha siasa kilichokuwa kikidai ardhi. Asiyebonyeza alikaa nje ya meza. Akiwa mwalimu, alipoteza na kazi.

Mimi sina shaka kwamba juu ya tohara ya wasichana misheni zilikuwa na haki. Sheria yetu ya mwaka 2011 imepiga marufuku ukeketaji, na hakuna hoja ya mila itakayonirudisha nyuma. Ndiyo maana mfano huu nauthamini kuliko mwingine: unaonyesha wazee wenye haki katika jambo lenyewe wakalivunja kanisa kwa njia waliyoitumia. Mtu hakuulizwa umefanya nini. Aliulizwa uko upande gani. Na alipotaka kuuliza mbona siasa ya ardhi imeingizwa kwenye karatasi ya meza ya Bwana, alikuwa aulize wapi? Vikao vya juu vilikuwa vya watu walewale walioiandika karatasi. Kwa hiyo watu waliondoka kwa makundi. Makanisa mengine yalibaki na washirika wachache mno, shule zikahamwa, na shule huru na makanisa huru ya Wakikuyu yakaota kila upande. Lakini meza hawakuisahau. Hawa waliotoka waligundua mapema kwamba wana waumini na majengo lakini hawana wa kuwabatiza wala wa kuwamegea mkate. Mwaka 1935 wakamleta Askofu Mkuu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini, akawafundisha vijana wao na kuwawekea mikono mwaka 1937. Watu waliokuwa wakisemwa kwamba wameidharau meza walimtafuta askofu ng'ambo ya mito na mipaka ili wairudishe. Sasa niambie, msikilizaji, hao ndio tuwaite wenye kiu ya kujitenga?

Hapo linakuja pingamizi ambalo naliona zito kuliko la yule mzee. Mshirika wa Ndalu ataniambia: ngazi unayoisifu mimi ninaijua. Presbiteri ni wazee wa parokia hii na wa parokia ile, wanaokula harambee pamoja na kuozeshana watoto. Kukata rufaa kwao ni kesi ya ngedere, hakimu nyani. Siwezi kumkatalia, maana ndilo lililotokea mwaka 1929. Lakini ngazi mbovu ina dawa mbili. Moja ni kuitengeneza, nami nitalirudia hilo. Nyingine ni kuipanda mpaka juu kabisa, hadharani, na hapa wana wa Reformed wana mfano kutoka nyumbani kwao wenyewe.

Kanisa la Kidachi la Afrika Kusini, lile lile lililomtuma Eybers kwetu, liliamua mwaka 1829 kwamba meza ya Bwana ni moja kwa washirika wote bila kujali rangi. Mwaka 1857 sinodi yake ikalegeza: kwa sababu ya udhaifu wa baadhi, na udhaifu huo ulikuwa wa wazungu wasiotaka kunywea kikombe kimoja na watu weusi, washirika wa rangi wangeweza kuwa na ibada yao pembeni. Kilichoanza kama ruhusa kikawa desturi, desturi ikawa makanisa tofauti mwaka 1881, na baadaye ikawa nguzo ya siasa ya ubaguzi. Dhuluma hii ilipitishwa na vikao halali, kwa kura halali. Mshirika mweusi wa enzi zile angekuwa na haki kuliko sote ya kusema ngazi imekufa. Ila mwaka 1982, muungano wa makanisa ya Reformed ya dunia ulipokutana Ottawa, Kanada, wajumbe kadhaa kutoka makanisa ya watu weusi wa Afrika Kusini walikataa kushiriki meza ya Bwana pamoja na wajumbe wa makanisa ya wazungu. Hawakunyamaza wala hawakutoka kimyakimya. Walitoa sababu zao mbele ya mkutano mzima: sisi kwetu tunafukuzwa kwenye meza hii, hatuwezi kujifanya hapa ugenini kwamba tuko wamoja. Mkutano ule ukatamka kwamba kuutetea ubaguzi kwa Biblia ni uzushi, ukayasimamisha uanachama makanisa mawili ya wazungu, na ukamchagua Allan Boesak, mchungaji kutoka kanisa lililotengwa, kuwa rais wake.

Kwa mfano huo nasema kwamba mshirika anayejizuia mwenyewe mezani kwa sababu ya wazee wake hatendi dhambi kwa kujizuia. Inategemea amejizuia namna gani. Akikaa nyumbani Jumapili ya ushirika na kuwaachia jirani wakisie, amefanya kile kile anachowalaumu wazee kukifanya: hukumu bila shtaka. Akiandika barua, akataja jambo, akaipeleka kwa wazee na nakala kwa presbiteri, basi kujizuia kwake ni ushahidi. Na mwenye kujenga kanisa la mabati wiki ya sita, kabla barua yake ya kwanza haijajibiwa, asiniletee habari za Ottawa.

Majirani zetu wa Friends wana jawabu jingine, nao katika Bungoma ni wengi kuliko watu wa Reformed. Wao hawana mkate wala kikombe. Wanasema ushirika ni wa rohoni. Kwa hiyo mtu anaweza kudhani kwamba tukiiondoa meza tutakuwa tumeuondoa ugomvi. Historia yao haisemi hivyo. Elijah Masinde alikuwa mtu wa Friends kabla hajatengwa nao kwa kuoa mke wa pili, naye akaanzisha Dini ya Msambwa, ambayo serikali ya kikoloni iliipiga marufuku mwaka 1948. Na mwaka 1973 Friends wa upande wa Elgon walijitenga na wenzao wa Kaimosi bila tone la divai kuhusika. Meza inaweza kuwa haipo, na swali la nani anamhukumu nani likabaki palepale.

Wengine siku hizi hawangoji hata presbiteri; wanakwenda mahakamani. Katiba ya mwaka 2010 inalinda uhuru wa dini katika kifungu cha 32, na katika cha 159 inazitaka mahakama zihimize njia nyingine za kutatua migogoro. Majaji wetu kwa kawaida hawapendi kuamua nani astahili mkate. Humuuliza mlalamikaji kwanza: katiba ya kanisa lako inasemaje, na umemaliza njia zake? Wanachokubali kukigusa kwa urahisi zaidi ni hati ya kiwanja, akaunti ya benki, na kama mtu alipewa nafasi ya kujitetea. Kwa hiyo aliyeruka ngazi ya kanisa hurudishwa kwenye ngazi ileile, akiwa ameshalipa wakili. Nao wazee wasifurahi mapema, maana jaji huyohuyo atawauliza barua ya shtaka iko wapi.

Na hati hiyo ya kiwanja tusiisahau, kwa sababu mara nyingi ugomvi unaanza mezani na kuishia kwenye kufuli. Katika ugomvi uliolipuka Amsterdam mwaka 1886, mambo yalianza na vijana waliotaka vyeti ili wapokelewe kuwa washirika kamili katika kanisa jingine. Wazee, akiwamo Abraham Kuyper, waliwanyima kwa sababu wao wazee hawakuiamini imani ambayo vijana hao walifundishwa na wachungaji wao. Vikao vya juu vikawaamuru wavitoe. Wazee wakabadilisha kanuni za kusimamia mali ili majengo yasiwaponyoke, na wajumbe 80 wa baraza wakasimamishwa. Siku chache baadaye, Kuyper na wenzake walipokuta chumba cha mikutano cha Kanisa Jipya kimefungwa, walikata ubao wa mlango kwa msumeno ili waingie. Kuyper alikuwa mwanateolojia mkubwa na baadaye Waziri Mkuu wa nchi yake. Siku ile alikuwa mtu mwenye msumeno mlangoni, akigombea chumba, na wale vijana na vyeti vyao hakuna aliyekuwa akiwataja.

Narudi kwenye kutengeneza ngazi, maana niliahidi. Makanisa mengi ya Reformed hukaa mezani mara chache kwa mwaka, miezi mitatu hivi kati ya meza na meza. Muda huo unatosha kusikiliza rufaa ya mshirika mmoja. Presbiteri iweke kanuni kwamba aliyezuiwa apewe barua yenye kosa, tarehe, na majina ya wazee waliokubaliana. Kwamba rufaa yake isikilizwe kabla ya meza inayofuata, na isiposikilizwa kizuizi kianguke chenyewe. Na siku ya kusikiliza, mzee aliyetia saini barua ile asikae kwenye kiti cha kupiga kura. Aje kama shahidi, aulizwe maswali mbele ya mshirika, naye mshirika aulizwe mbele yake, kisha wote wawili watoke nje wasubiri pamoja kwenye benchi moja.